Goti Linauma, Ugonjwa Uko Nyongani: Uchunguzi wa Mikono Unavyookoa Kiungo

Goti likijaa maji huonekana, na kifundo cha mguu kikiteguka huvimba siku hiyohiyo. Nyonga haina tabia hiyo. Kiungo hiki kinachobeba uzito wa mwili katika kila hatua kimefunikwa na misuli minene kuliko yote mwilini, kiasi kwamba kinaweza kujaa usaha au kuanza kuoza kwa kukosa damu bila ngozi ya juu kuonesha alama yoyote. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui panapouma. Wengine huonesha kiuno, wengine paja, na watoto wengi huonesha goti.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa nyonga kwa macho na mikono, unaofanyika kabla ya kipimo chochote cha mashine, bado ni msingi wa tiba ya mifupa. Unahitaji kitanda imara, utepe wa kupimia, faragha na dakika chache za utulivu. Zahanati inaweza kuufanya sawa na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, ingawa hatua zinazofuata baada ya uchunguzi huo hutofautiana sana baina ya ngazi hizo mbili.

Umuhimu wake unaeleweka vizuri zaidi mtu akifahamu jinsi kiungo chenyewe kilivyoundwa. Sehemu ya juu ya mfupa wa paja ina umbo la tufe, na tufe hilo, linaloitwa kichwa cha paja, hukaa ndani ya kikombe kilichochongwa ubavuni mwa fupanyonga. Chini ya kichwa kuna shingo nyembamba inayokiunganisha na sehemu nyingine ya mfupa. Damu ya kulisha kichwa hicho hufika zaidi kupitia mishipa midogo inayopanda ikiambaa na shingo, ndani ya mfuko uliobana wa kiungo. Mishipa hiyo ikikatika, ikikunjwa, ikibanwa au ikiziba, kichwa cha paja hufa, na baadaye hubonyea kama yai lililopasuka ganda. Karibu kila dharura ya nyonga, iwe ni kuvunjika kwa mzee, kuhama kwa kiungo kwa dereva wa bodaboda, usaha kwa mtoto mchanga au seli mundu kwa kijana, inahusu mishipa hiyo hiyo. Anayechunguza nyonga kwa wakati anajaribu kuiwahi damu hiyo kabla haijakatika moja kwa moja.

Kuhusu goti, maelezo ni mepesi. Mshipa wa fahamu unaopeleka matawi kwenye nyonga hupeleka matawi mengine gotini, na ubongo hushindwa kutofautisha taarifa imetoka wapi. Matokeo yake ni kwamba mtoto mwenye ugonjwa wa nyonga huweza kulia kwa maumivu ya goti lisilo na kasoro yoyote. Goti hupigwa picha ya eksirei, picha huonekana safi, na mtoto hurudishwa nyumbani na dawa ya kutuliza maumivu. Kanuni inayofundishwa katika vyuo vya tiba ni kwamba hakuna uchunguzi wa goti la mtoto uliokamilika kama nyonga ya upande huo haijachezeshwa. Ni kanuni fupi, na ndiyo inayosahaulika kwa urahisi zaidi pale foleni inapokuwa ndefu.

Uchunguzi huanza mgonjwa anapoingia mlangoni. Mtu mwenye maumivu ya nyonga hukanyaga mguu mbovu kwa muda mfupi na kuuhamia ule mzima haraka. Mwenye misuli dhaifu ya nyonga huyumba, kiwiliwili kikiegemea upande mbovu kila anapoukanyaga. Tofauti hiyo inaonekana vizuri mgonjwa anapotembea hatua kumi hivi kwenye korido, akiwa ameinua nguo kiasi cha miguu kuonekana, kuliko anapokuwa ameketi mbele ya meza ya daktari.

Kisha huulizwa aoneshe kwa mkono wake panapouma, bila kusaidiwa. Mwenye ugonjwa ndani ya kiungo mara nyingi hushika ubavu wa nyonga kwa kiganja kilichopinda, kidole gumba kikiwa nyuma na vidole vingine vikigusa kinena. Maumivu ya kinena humaanisha, mara nyingi, kiungo chenyewe. Maumivu ya pembeni, hasa yanayozidi mtu akilalia upande huo, hutokana zaidi na kano za misuli zinazoshikilia kifundo cha mfupa kinachopapaswa ubavuni mwa paja. Maumivu ya tako yanayoshuka nyuma ya mguu hadi chini ya goti hutoka zaidi kwenye uti wa mgongo. Si sheria isiyo na tofauti, lakini humwelekeza mtaalamu aanzie wapi.

Akiwa bado amesimama, mgonjwa huombwa kuinua mguu mmoja na kubaki juu ya mwingine kwa takribani nusu dakika. Jaribio hili lina jina la Friedrich Trendelenburg, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyelieleza mwaka 1895. Kwa mtu mwenye afya, misuli ya pembeni ya nyonga iliyosimamiwa hukaza na kuzuia fupanyonga isilale. Misuli hiyo ikiwa dhaifu, au kichwa cha paja kikiwa hakiko mahali pake, upande wa mguu ulioinuliwa hushuka. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa upande unaoshuka ndio mzima, na ugonjwa uko upande uliosimama. Mtaalamu hupiga magoti nyuma ya mgonjwa na kuweka vidole gumba juu ya mifupa miwili ya kiuno ili mteremko mdogo usimpite.

Hatua inayofuata hufanyika kitandani, na kabla yake kuna jambo la adabu ambalo lina uzito wa kitabibu pia. Uchunguzi wa nyonga hugusa kinena na makalio, sehemu ambazo Mtanzania wa rika lolote huzisitiri. Mgonjwa anastahili kuelezwa kitakachofanyika kabla hajaguswa, kufunikwa kwa shuka au khanga sehemu isiyochunguzwa, na kuwa na ndugu au muuguzi wa jinsi yake chumbani ikiwa anataka. Mama mtu mzima aliyeona haya hukaza misuli, na nyonga iliyokazwa na misuli haimwambii mtaalamu lolote la maana. Neno kama “Mama, sasa nitashika goti lako na kulikunja taratibu, likiuma niambie niache” hufanya kazi kubwa kuliko nguvu za mikono.

Urefu wa miguu hupimwa kwa utepe, kuanzia ncha ya mfupa wa mbele ya kiuno hadi kwenye kifundo cha ndani cha mguu, fupanyonga ikiwa imenyooka. Vipimo viwili vikitofautiana, magoti hukunjwa pamoja nyayo zikiwa kitandani, ili ionekane kama upungufu uko kwenye paja au kwenye muundi. Ikiwa miguu inalingana kwa utepe lakini mmoja unaonekana mfupi mgonjwa anapolala, basi fupanyonga ndiyo iliyopinda, mara nyingi kwa sababu nyonga moja imekazana katika mkao mbaya.

Mkazo wa namna hiyo hujificha kwa ustadi. Mtu ambaye nyonga yake haiwezi tena kunyooka hulala chali na kuonekana amenyoosha mguu, kumbe amepindisha mgongo kufidia. Hugh Owen Thomas, daktari wa mifupa mwenye asili ya Wales aliyefanya kazi Liverpool katika karne ya 19, aliacha njia rahisi ya kuufichua udanganyifu huo. Nyonga nzima hukunjwa hadi goti likaribie kifua, na mkono wa mtaalamu ukiwa chini ya kiuno cha mgonjwa huthibitisha kwamba mgongo umegusa kitanda. Mgongo ukishanyooka, paja la upande mbovu huinuka lenyewe kutoka kitandani. Pembe linayotengeneza na kitanda ndicho kiasi cha mkazo, na huandikwa kwa digrii.

Baada ya hapo hufuata kuchezesha kiungo, na iwapo muda unaruhusu jambo moja tu, liwe ni kuzungusha. Nyonga ya kawaida hukunjika kufikia takribani digrii 120 na hupanuka kwenda nje kwa takribani digrii 40 hadi 45. Mizunguko ya namna hiyo inaweza kubaki karibu salama hata ugonjwa ukiwa umeanza. Kuzunguka kwa ndani ndiko hupotea kwanza. Mgonjwa akiwa amelala chali, paja na goti hukunjwa kwa pembe mraba, na unyayo huvutwa taratibu kwenda nje. Linawachanganya wanafunzi wengi jambo hili, kwani unyayo unapokwenda nje, paja huwa linazunguka ndani. Upande mzima huchezeshwa kwanza, kwa sababu watu hawalingani na kipimo bora cha nyonga ya mtu ni nyonga yake nyingine. Upande mmoja ukizunguka digrii 35 na mwingine ukikwama kwenye 10 huku mgonjwa akikunja uso, kuna tatizo ndani ya kiungo hata kama picha ya eksirei haijaonesha kitu.

Kauli hiyo ya mwisho inawahusu kwa namna ya pekee wanaoishi na selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu duniani, na inakadiriwa kwamba takribani watoto 11,000 huzaliwa nao nchini kila mwaka. Chembe nyekundu za damu zilizopinda kama mundu hukwama katika mishipa myembamba, na mishipa ya kichwa cha paja ni miongoni mwa inayoathirika mapema. Kijana au msichana aliyezoea maumivu ya mifupa tangu utotoni huweza kulichukulia kinena linalouma kuwa ni tukio jingine la kawaida litakalopita. Mhudumu naye huweza kufikiri hivyohivyo. Tofauti ni kwamba maumivu ya kawaida ya selimundu hutulia ndani ya siku kadhaa, wakati ya kichwa cha paja kinachokufa hubaki, huzidi mgonjwa anapokanyaga, na humfanya ashindwe kukaa na kufunga kamba za viatu.

Katika kipindi hicho cha mwanzo, picha ya eksirei huweza kuonekana ya kawaida kabisa, kwa kuwa eksirei huonesha umbo la mfupa na umbo huwa bado halijabadilika. Kipimo cha MRI ndicho kinachoonesha mabadiliko mapema, nacho hupatikana katika hospitali kubwa tu. Kinachobaki mikononi mwa mganga wa kituo cha afya ni ule mzunguko wa ndani uliopungua. Mwenye selimundu aliye na maumivu ya kinena na mzunguko uliopungua anastahili rufaa, na jibu la “picha ni nzuri” lisimrudishe nyumbani. Akigundulika kabla kichwa hakijabonyea, anaweza kupunguziwa uzito kwa magongo, kupewa mazoezi tiba na kufuatiliwa, na madaktari huweza kufikiria upasuaji wa kulinda kiungo. Kichwa kikishabonyea, njia inayobaki kwa wengi ni kubadilishiwa nyonga kwa kiungo bandia, na kufanyiwa hivyo katika umri wa miaka 20 humaanisha kuishi na uwezekano wa upasuaji mwingine mbele, kwa kuwa kiungo bandia huchakaa. Wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu na wanywaji wa pombe kupita kiasi wako katika hatari kama hiyo, na wanapaswa kumweleza daktari bila kuficha.

Kwa watoto, umri huelekeza mawazo ya mtaalamu. Kati ya miaka minne na minane, hasa kwa wavulana, kichwa cha paja huweza kukosa damu bila sababu inayojulikana, hali iitwayo ugonjwa wa Perthes. Mtoto huchechemea wiki hadi wiki, na nyonga hupoteza kupanuka na kuzunguka kwa ndani. Katika umri wa kubalehe, mara nyingi kwa mwenye uzito mkubwa, kichwa cha paja huweza kuteleza kutoka kwenye shingo yake mahali ambapo mfupa bado unakua. Dalili yake ni ya kipekee, kwani paja likikunjwa hugeuka lenyewe kwenda nje, na haliwezi kukunjwa likiwa limenyooka. Kijana wa namna hiyo hapaswi kutembea hata hatua moja zaidi. Huwekwa kwenye kiti cha magurudumu au machela, hupigwa picha ya mbele na ya ubavu, kwa sababu picha ya mbele peke yake huweza kuukosa utelezi, na hupelekwa kwa daktari bingwa siku hiyohiyo.

Usaha ndani ya nyonga ni suala la saa. Mtoto huwa na homa, hukataa kukanyaga, na hulala paja likiwa limekunjwa, limepanuka na kugeuka nje, mkao unaoupa mfuko wa kiungo nafasi kubwa zaidi na kupunguza shinikizo. Kwa mchanga ambaye bado hatembei, anayegundua kwanza ni mama, pale mtoto anapolia kila anapobadilishwa nepi, au anapochezesha mguu mmoja na kuuacha mwingine umelala kama uliopooza. Madaktari hutumia ishara nne kupima uwezekano wa usaha, nazo ni homa ya zaidi ya digrii 38.5, kushindwa kukanyaga, chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000 na kasi ya kutuama kwa damu iliyo juu ya milimita 40 kwa saa. Kadiri ishara zinavyoongezeka ndivyo uwezekano unavyopanda, na kiungo hulazimika kufunguliwa na kuoshwa. Shinikizo la usaha hubana mishipa ile ile inayopanda kwenye shingo.

Katika nyumba nyingi, hapa ndipo wakati hupotea. Mtoto anayechechemea hudhaniwa ameteguka akicheza, na bibi au jirani mwenye nia njema humkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa mafuta siku tatu au nne. Kukanda hakuwezi kuondoa usaha, na nyonga yenye usaha haisubiri siku nne. Mtoto mwenye homa asiyetaka kukanyaga hupelekwa hospitali siku hiyo.

Kifua kikuu cha nyonga huenda kinyume, polepole, kwa miezi. Paja hukonda, mtoto huamka usiku akilia kwa maumivu, kisha nyonga hukazana. Tanzania bado imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, kwa hiyo kuchechemea kwa muda mrefu kusikoelezeka kunastahili kipimo chake hata pasipokuwa na kikohozi. Dawa hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Nyonga ya mtoto anayezaliwa ikiwa haijakaa vizuri kwenye kikombe huchunguzwa kwa njia mbili zinazokwenda pamoja, moja ikiwa na jina la Marino Ortolani, daktari wa watoto wa Italia aliyeieleza katika miaka ya 1930, na nyingine la Thomas Barlow wa Uingereza, mwaka 1962. Mtoto huwa ametulia, ameshiba, chumba na mikono ya mchunguzi vikiwa na joto. Nyonga moja hushikwa kwa wakati. Barlow husukuma taratibu kuelekea nyuma kuona kama kichwa kinaweza kutoka, na Ortolani hupanua paja na kulinyanyua kuona kama kichwa kilichotoka kinarudi, jambo linalosikika mkononi kama mruko mdogo mzito. Baada ya miezi mitatu hivi majaribio hayo hupoteza nguvu, na mtaalamu hutegemea zaidi paja lisilopanuka sawa na lenzake.

Hali hiyo si ya kawaida miongoni mwa watoto wa Afrika wanaobebwa mgongoni, na wataalamu wengi huhusisha jambo hilo na mbeleko. Mtoto akiwa mgongoni mwa mama, mapaja hupanuka na kukunjwa, na kichwa cha paja hukandamizwa katikati ya kikombe kinachoendelea kuumbika. Nchini Japani, ambako watoto walikuwa wakifungwa nguo miguu ikiwa imenyooshwa, kampeni iliyoanza mwaka 1975 ya kuacha desturi hiyo ilifuatiwa na upungufu mkubwa wa tatizo. Hata hivyo, mbeleko haiondoi haja ya uchunguzi kwa mtoto wa kike aliyetanguliza makalio wakati wa kuzaliwa, au mwenye historia ya ugonjwa huu katika ukoo.

Kwa wazee, tukio lenyewe kwa kawaida ni dogo, kama kuteleza bafuni au kujikwaa kizingitini usiku. Mguu ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, shingo ya paja imevunjika hadi picha ithibitishe vinginevyo. Kuna wazee wachache ambao vipande vya mfupa hushikana, mguu haufupiki, na bibi au babu huyo huweza hata kutembea kwa kujikongoja. Huyo ndiye anayeambiwa “ameteguka tu” na kuachwa kitandani. Kwa tahadhari, mtaalamu huubiringisha mguu wote taratibu kitandani, kama mtu anayeviringisha mti wa kusukumia chapati, bila kukunja chochote. Maumivu ya kinena katika mwendo mdogo kiasi hicho hutosha kuagiza picha. Kulala kitandani wiki nyingi humletea mzee vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda, na ndiyo sababu madaktari hupendelea upasuaji ufanyike mapema, ikiwezekana ndani ya siku moja au mbili.

Ajali za barabarani zina sheria zake, na sheria ya kwanza ni kutochezesha. Abiria wa bodaboda aliyegongwa na mwenye maumivu ya fupanyonga huweza kupoteza lita kadhaa za damu ndani ya mwili bila tone kuonekana nje. Mtindo wa zamani wa kushika mifupa miwili ya kiuno na kuitikisa ili kuona kama inacheza umeachwa, kwa sababu huvunja damu iliyoanza kuganda. Kinachofanyika ni kumfunga kwa shuka au khanga iliyokunjwa kwa upana, na mahali pa kufunga ni usawa wa vifundo vya juu vya mapaja, chini ya pale watu wengi wanapovalia mkanda. Magoti hufungwa pamoja. Damu ikionekana kwenye njia ya mkojo, mpira wa mkojo hauingizwi hadi daktari wa upasuaji aone, kwani njia hiyo huenda imekatika. Mguu uliofupika, uliogeukia ndani na kuvutwa katikati huashiria nyonga iliyohama kwenda nyuma. Hurudishwa mahali pake ndani ya saa sita inapowezekana, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, na kabla ya hapo huulizwa kama anaweza kuinua unyayo juu, ili ijulikane iwapo mshipa mkubwa wa fahamu upitao nyuma ya nyonga umeguswa.

Sehemu ya nyuma ya fupanyonga, inapoungana na uti wa mgongo, ndiyo yenye majaribio mengi na uhakika mdogo. Linalojulikana zaidi ni lile la kuweka kifundo cha mguu juu ya goti la pili, miguu ikichora tarakimu nne, kisha goti lililokunjwa hubonyezwa kuelekea kitandani. Likiuma kinenani, tatizo linafikiriwa kuwa nyongani. Likiuma nyuma, kwenye maungio hayo. Jaribio moja la aina hii halithibitishi kitu. Matatu au zaidi yakikubaliana, shaka huwa na msingi. Kwa mfugaji au anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, maumivu ya sehemu hiyo yanayoambatana na homa za kupanda na kushuka huhitaji kipimo cha ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, brusela, ambao hupenda kukaa katika maungio hayo.

Mgonjwa anayekwenda kuchunguzwa husaidia sana akivaa nguo inayolegezwa kwa urahisi, akibeba picha na kadi za awali, na akieleza kile asichoweza kufanya tena, kama kuchuchumaa chooni, kupanda daladala au kukaa mkekani kwa swala. Mtaalamu anayetoa rufaa naye huandika zaidi ya maneno “maumivu ya nyonga”. Barua inayosema “nyonga ya kulia, kuzunguka ndani digrii 10, kushoto 35, Trendelenburg ya kulia chanya, hana homa, anakanyaga kwa gongo, maumivu wiki sita” humwezesha daktari bingwa wa KCMC Moshi, Bugando Mwanza au MOI kujua amletee nani kitanda leo na nani anaweza kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Nyonga hiyo ikipimwa tena baada ya mwezi na kukutwa na digrii tano, wote wawili watajua inakwenda wapi.